Kanuni ya Tisa na Sababu Yake

Tunapokagua mazoezi ya kufundisha, mara nyingi tunasikia maneno haya katika somo la hisabati: "Ukigawanya kwa sehemu, geuza sehemu ya pili, kisha zidisha." Mtoto akiuliza kwa nini tunageuza, hujibiwa kwamba ndivyo kanuni isemavyo. Kwa maoni yetu, jibu hilo lina hasara kubwa. Natutazame mfano ulio nje ya darasa.

Kati ya 1962 na 1980 mji wa Abingdon, Uingereza, uliunda gari dogo la michezo liitwalo MGB, lenye paa la turubai la kukunjwa. Hata leo wenye magari hayo wengi huyatunza wenyewe nyumbani. Mojawapo ya kazi zao za kawaida ni kurekebisha mianya ya valvu. Injini ina silinda 4 na valvu 8. Mwanya wa kila valvu, usiofika nusu milimita, hupimwa kwa bamba jembamba wakati valvu hiyo imefunga kabisa. Wakati huo hujulikanaje? Kanuni ni fupi: jumla iwe 9. Valvu ya 8 ikiwa wazi kabisa, pima ya 1, ya 6 ikiwa wazi, pima ya 3, na kadhalika.

Aliyekariri ataimaliza kazi hiyo. Mpeni injini ya silinda 6 na valvu 12, iliyopangwa kwa namna ileile, naye atakwama. Lakini aliyeelewa kwamba pistoni ya kwanza na ya mwisho hupanda na kushuka pamoja, zikipishana kwa mzunguko mmoja mzima, na kwamba valvu hulingana kutoka ncha zote mbili, atagundua mwenyewe kuwa sasa jumla ni 13.

Ndivyo ilivyo kwa sehemu. Kabla ya kutaja kanuni, mwalimu alete machungwa 3 na kuuliza yana nusu ngapi. Watoto watahesabu 6, na wataona kwamba kugawanya kwa nusu ni sawa na kuzidisha kwa 2. Kanuni ifuate baadaye, ikiwa muhtasari wa waliyoyaona.

Tutaambiwa kwamba muda hautoshi na mtihani u karibu. Hayo ni kweli. Lakini asiyejua sababu, siku akiisahau kanuni, hana pa kuanzia. Kuuliza si ujinga. Basi, wanachuo, mtoto akiuliza "kwa nini", hapo ndipo somo linapoanza.