Gitega na Muyinga: tupime safari kwa saa

Kutoka uwanja wa ndege wa Unguja hadi ule wa Pemba ni kilomita 125 hivi kwa mstari ulionyooka, na ndege ndogo huzimaliza kwa takribani nusu saa. Kutoka Gitega hadi Muyinga, kwa mstari kama huo, ni kama kilomita 80 tu. Ukizitazama namba hizi juu juu utadhani Burundi nayo inahitaji ndege za kuunganisha miji yake, hasa tangu Gitega itangazwe mji mkuu wa kisiasa mwishoni mwa 2018. Sikubaliani. Ile nusu saa ni ya angani tu: hujahesabu njia ya kwenda uwanjani, kupima mizigo, kusubiri, kisha gari la kutoka Chake Chake hadi Wete au Mkoani. Hata hivyo Wapemba wana kila haki ya kuidai ndege, maana baharini hapana barabara, na Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama ikielekea kwao, ikaua mamia ya watu.

Kati ya Gitega na Muyinga hakuna bahari. Kuna milima, na kuna lami inayopitia Karuzi. Gari zima lenye mafuta ya kutosha hufika kwa saa mbili hivi. Tatizo liko kwenye hayo mafuta. Miaka ya karibuni Burundi imekumbwa na uhaba mkali: foleni zimelala vituoni, nauli zimepanda, na abiria ameketi stendi kwa muda mrefu kuliko safari yenyewe, akingoja dereva apate lita chache. Jambo hilo linauma zaidi Muyinga, kwa sababu mpaka wa Kobero uko huko huko, na malori ya mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam hupita mbele ya macho ya watu hao hao. Ndege haiwezi kuwaokoa. Nayo hunywa mafuta, tena yanayonunuliwa kwa fedha za kigeni zile zile ambazo nchi inazikosa.

Wapo watakaouliza: mji mkuu utakaaje bila uwanja mkubwa wa ndege, ilhali uwanja wa Melchior Ndadaye uko Bujumbura, mwendo wa kilomita 100 hivi na mlima wa Bugarama katikati? Hoja hiyo ina uzito kwa wageni wa serikali na wafanyabiashara wa kimataifa. Kwa mkulima wa kahawa wa Muyinga haina msaada wowote. Wengine watataja wagonjwa mahututi, na hapo nawasikiliza kwa makini. Lakini Rwanda, tangu 2016, inapeleka damu hospitalini kwa droni kutoka Muhanga, bila kujenga kiwanja cha ndege kila wilaya. Anga ikitumiwa namna hiyo, naiunga mkono kwa moyo wote.

Haja ya kuhesabu saa imeongezeka. Mwaka 2025 mikoa 18 ya Burundi iligeuzwa kuwa 5, na Muyinga sasa imo katika Buhumuza, ambayo makao yake makuu ni Cankuzo. Kwa hiyo naiomba serikali itangaze, kwa kila tarafa, saa anazotumia mwananchi kufika hospitali na ofisi ya mkoa, muda wa kungoja gari ukiwemo. Mabasi na magari ya wagonjwa yapewe mafuta kwanza, na barabara ya Karuzi itunzwe, kabla faranga moja haijatumika kwenye njia ya kurukia ndege.