Mchezo Usiokwisha kwa Kuchezwa Mara Moja

Mwaka jana mzee mwenzangu, mwalimu mstaafu kama mimi, alikuja kunijulia hali hapa Kwedizinga. Akamkuta mjukuu wangu barazani, ameinamia kompyuta yake akipigana na joka. Akatikisa kichwa. "Mwalimu, wewe uliyeongoza shule, unaacha mtoto apotee hivi?" Siku ile nilinyamaza kwa heshima ya ugeni. Leo sinyamazi.

Kwanza nikiri kosa langu. Nikiwa mwalimu mkuu nilimkuta mwanafunzi chini ya mwembe akicheza bao wakati wa kipindi cha hesabu. Nilimchapa, na kete zote nikazitupa chooni. Kete sitini na nne! Mtoto alikuwa ametoroka hesabu ili akahesabu, nami sikuliona hilo. Chuoni nilifundishwa kwamba mchezo ni njia ya kujifunza, nikaandika hivyo kwenye mtihani, nikafaulu, kisha nikafanya kinyume chake maisha yangu yote ya kazi.

Sasa tulitazame lile joka. Mchezo wenyewe unaitwa Skyrim, nao ulitoka mwaka 2011. Unaanza ukiwa mfungwa ndani ya mkokoteni, unapelekwa kukatwa kichwa. Joka linatokea, watu wanatawanyika, na hapo hapo inakubidi uchague: umfuate askari wa Dola au mwasi. Kabla ya hapo umeshaulizwa wewe ni nani, na makabila ya kuchagua ni kumi.

Mjukuu wangu alicheza mara ya kwanza akiwa Mnord, mwenyeji wa nchi, upande wa waasi. Aliwapenda waasi kweli kweli. Aliniambia wanapigania nchi yao na miungu yao, nami, mtoto wa enzi za kudai uhuru, nikaitikia. Mara ya pili akawa Dunmer. Hawa ni watu wa ngozi ya kijivu, na wengi wao ni wakimbizi waliokuja baada ya mlima wa moto kulipuka kwao. Akaingia Windhelm, mji mkuu wa waasi wale wale. Langoni akakuta wanaume wawili wakimtukana mwanamke wa jamii yake. Akaonyeshwa mtaa wanaoishi wenzake, mtaa mchafu, wa pembeni. Kijana akaacha kubonyeza. "Babu, mara ya kwanza nilipita hapa hapa, sikuona kitu."

Basi, mzee mwenzangu, niambie ni kipindi gani cha uraia tulichofundisha wewe na mimi kilichomfanya mtoto aseme maneno hayo. Sisi tuliwapa historia yenye jibu moja, ikakaririwa, ikajibiwa, ikasahauliwa. Kitabu cha fasihi kilisomwa mara moja kwa ajili ya mtihani, na karatasi zake zikafungiwa maandazi.

Wanasema: kwa nini arudie kile kile? Ajabu ni kwamba wanaosema hivyo wanashinda kwenye bao lile lile, mashimo thelathini na mawili yale yale, tangu ujana wao. Hakuna aliyewahi kuwaambia wamemaliza bao. Na bibi zetu walipotusimulia habari za Sungura na Fisi, tuliomba ile ile ya jana.

Kama mnataka cha kulaani, nendeni barabarani mkatazame mashine za kamari, zile vijana wanazoziita dubwi. Ile kweli haibadiliki: unatia sarafu, taa zinawaka, sarafu imekwenda. Haikuulizi wewe ni nani. Lakini hiyo hatuipigii kelele, labda kwa sababu haina majoka.

Lawama moja naikubali: majoka yale si yetu. Hata hivyo dawa yake si kuwanyang'anya watoto. Kiro'o Games ya Kameruni ilitoa mwaka 2016 mchezo wa namna hii, Aurion, wenye ufalme wa Kiafrika. Nasi je? Wazigua walichukuliwa utumwani Somalia karne ya 19, na masimulizi yao yanamtaja mwanamke, Wanankhucha, aliyewaongoza kutoroka hadi bonde la mto Juba. Vizazi vyao walibaki na Kizigua chao huko, na baadhi waliokimbia vita walipewa makazi Chogo, humu humu wilayani Handeni. Cheza mara ya kwanza ukiwa mtoro msituni. Cheza mara ya pili ukiwa mwenyeji wa Handeni unayewaona wageni wakishuka kwenye malori, wakikusalimu kwa lugha ya bibi yako. Nani atauandika, ikiwa kila anayeshika kompyuta tunamwita mpotevu?

Likizo ilipokaribia kwisha mjukuu aliuanza mchezo mara ya tatu, akanisogezea kiti. "Chagua wewe, babu." Nilivaa miwani, nikapitia yote kumi polepole, nikachagua Argonian, watu wa umbo la mjusi, ambao Windhelm hawaruhusiwi kuishi ndani ya kuta, wanalala bandarini. Hatukufika mbali. Asubuhi yake basi la Dar es Salaam lilimchukua, naye kaniachia mjusi wangu amesimama juu ya theluji, akisubiri Desemba.