Uvimbe wa kibofu: Pengo kati ya picha na jibu katika ukanda wa majanichai

KATIKA vijiji vinavyopakana na mashamba ya majanichai ya Kericho na Bomet, ni vigumu kulitaja neno uvimbe bila wasikilizaji kufikiria saratani. Hofu hiyo ina chanzo. Eneo hilo limo katika ukanda wa Afrika Mashariki ambao kwa miaka mingi umeandamwa na saratani ya umio, na Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamishonari karibu na mji wa Bomet mwaka wa 1937, imepata sifa hata ng'ambo kwa kuwahudumia wagonjwa wa maradhi hayo. Wengi wamewaona majirani wakishindwa kumeza hata uji.

Kwa hivyo mtu anapoambiwa kwamba picha imeonyesha kitu ndani ya kibofu chake cha mkojo, si ajabu familia ianze kuzungumzia kuuza ng'ombe, au hata mazishi, kabla ya yeyote kujua kitu hicho ni nini.

Ni kweli kwamba uvimbe mwingi unaoota ndani ya kibofu ni saratani, hasa kwa wazee na wavutaji sigara, na hakuna daktari mwangalifu atakayemwambia mgonjwa akae atulie. Hata hivyo, upo uvimbe wa aina nyingine, nadra mno, ambao si saratani. Leiomayoma ya kibofu, kwa mfano, haifikii hata kisa 1 kati ya visa 100 vya uvimbe wa kiungo hicho. Huota kutoka kwa misuli laini kama zilivyo faibroidi za mji wa mimba ambazo wanawake wengi wanazifahamu, na huwapata zaidi wanawake wa umri wa makamo. Ipo pia papiloma iliyopinduka, ambayo hukua kuelekea ndani ya ukuta wa kibofu badala ya kuchomoza.

Tatizo ni kwamba dalili hazitofautiani. Damu katika mkojo, kwenda haja ndogo mara kwa mara, maumivu chini ya kitovu au mkojo kuziba huweza kuletwa na uvimbe mbaya, uvimbe usio na madhara makubwa, mawe, ama maambukizi ya kawaida. Katika zahanati ya kijijini, haya ya mwisho ndiyo hushukiwa kwanza. Mgonjwa hupewa tembe za kuua bakteria, damu hukoma kwa wiki mbili, naye hurudi kuchuma chai. Damu ya uvimbe ina desturi ya kuja na kutoweka yenyewe, na tembe husifiwa kwa kazi ambayo hazikuifanya. Wanawake ndio huumia zaidi kwa kosa hili, kwa kuwa maambukizi ya njia ya mkojo huwapata mara nyingi kuliko wanaume na ni rahisi kuyalaumu kwa kila jambo. (Si kila mkojo mwekundu una damu, bila shaka, bitiruti huupaka rangi, nayo rifampisini inayotumiwa na wagonjwa wa kifua kikuu huugeuza kuwa wa rangi ya chungwa. Kipimo rahisi cha maabara humaliza ubishi huo.)

Kuna jambo jingine linalohusu eneo hili hasa. Mashamba makubwa ya chai yamewavutia vibarua kutoka Nyanza na kwingineko tangu enzi ya ukoloni. Kichocho cha njia ya mkojo, ambacho nchini Kenya hupatikana zaidi Pwani na katika sehemu kadhaa za tambarare za Kano, husababisha damu katika mkojo na vinundu kwenye ukuta wa kibofu vinavyoweza kudhaniwa kuwa uvimbe. Kikikaa miaka mingi bila tiba, huweza kuzaa saratani halisi. Mhudumu wa Kericho asiyemuuliza mgonjwa alikolelewa na mito aliyooga utotoni anaweza kuikosa habari muhimu kuliko zote.

Tangu huduma za afya zikabidhiwe serikali za kaunti mwaka wa 2013, na hasa baada ya serikali ya kitaifa kuanza mwaka wa 2015 mpango wa kukodisha vifaa kwa hospitali 2 katika kila kaunti, vifaa vya kupiga picha vimesogea karibu na mwananchi. Hayo ni maendeleo yasiyopaswa kubezwa. Lakini ultrasaundi huonyesha kivuli tu. Haisemi kivuli hicho kina jina gani.

Jina hupatikana kwa hatua mbili. Kwanza, daktari wa mfumo wa mkojo hupitisha kamera nyembamba katika njia ya mkojo, auone uvimbe kwa macho na kukata kipande. Pili, mwanapatholojia hukichunguza kipande hicho kwa hadubini, na hatua hii ndiyo inayodharauliwa. Papiloma iliyopinduka hufanana sana na aina fulani ya saratani, hivi kwamba jicho lisilo na uzoefu hukosea. Leiomayoma nayo huhitaji rangi maalumu za maabara ili itenganishwe na saratani ya misuli. Madaktari wa fani hizo mbili wamekusanyika zaidi katika miji mikubwa. Kutoka Bomet hadi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, ni safari ya zaidi ya kilomita 200, na mchumaji anayelipwa kwa kilo hapati kitu siku ambayo hakuchuma.

Gharama ya kukosea ni kubwa kwa pande zote mbili. Saratani iliyozama katika misuli mara nyingi hudai kibofu chote kiondolewe. Leiomayoma hutolewa peke yake, ikiwa ndogo kwa kupitia njia ya mkojo, ikiwa kubwa kwa kupasua, na kibofu kikabaki kikifanya kazi. Kurudi kwake ni nadra. Aina ya tatu, paraganglioma, ni ya hatari ya kipekee. Hutoa homoni zinazopandisha shinikizo la damu, mgonjwa akaumwa kichwa, akatokwa jasho na moyo ukamwenda mbio anapokojoa. Wataalamu hawauhesabu tena uvimbe huo kuwa salama moja kwa moja, kwani baadhi husambaa. Ukiguswa kwa kisu kabla mgonjwa hajaandaliwa kwa dawa za shinikizo kwa siku kadhaa, anaweza kufia mezani. Swali moja kuhusu kinachompata mgonjwa akienda haja, lisilogharimu hata senti, linaweza kuyaokoa maisha yake.

Mjadala wa bima, uliopamba moto tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii ichukue nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, umeegemea mno kwenye gharama za kutibu saratani iliyokwisha kuthibitishwa. Kuthibitisha kwenyewe hakuzungumzwi sana. Hata hivyo, sehemu ya safari hiyo inaweza kufupishwa bila kujenga hospitali mpya. Kipande kilichotiwa katika fomalini hakiozi njiani. Chaweza kusafirishwa hadi Eldoret au Nairobi huku mwenyewe akibaki nyumbani. Kikishagandishwa katika nta, hudumu miaka mingi na kinaweza kusomwa upya na mtaalamu wa pili iwapo jibu la kwanza linatia shaka. Mgonjwa anayo haki ya kuomba nakala ya ripoti hiyo kabla ya kukubali kibofu chake kiondolewe.