Kantini za hospitali zinatupandisha sukari

Mhariri,

Nina dukuduku ambalo najua wagonjwa wenzangu wa kisukari wanalo pia, ila wengi wetu hulimalizia kwenye benchi la kliniki kwa kunung'unika.

Siku ya kliniki huanza na somo. Muuguzi husimama mbele yetu na picha ya sahani: nusu mboga za majani, robo ugali au wali, robo maharage, samaki au nyama. Anatusihi tuache chai ya sukari, maandazi, chipsi na soda. Somo ni zuri na muuguzi mwenyewe ana moyo, sina neno naye. Neno langu ni juu ya kilichopo hatua chache nyuma ya benchi letu, yaani kantini ya hospitali hiyo hiyo.

Wasioujua ugonjwa huu waelewe kwamba siku ya kupima tunakuja hatujala. Tunatoka nyumbani alfajiri, tunakaa foleni ya kadi, kisha foleni ya kipimo, na mpaka mtu amalize kutobolewa kidole, jua limeshapanda. Hapo ana njaa, na dawa ziko mkobani zinasubiri chakula. Anayechoma insulini, au anayemeza vidonge vinavyolilazimisha kongosho kuitoa, hawezi kutumia dawa yake kisha akakaa na njaa. Sukari itashuka, atatetemeka, jasho litamtoka, na anaweza kuanguka pale pale. Lazima ale, na atakula kilichopo.

Kilichopo ni maandazi, vitumbua, chapati, chipsi, na chai ya maziwa iliyotiwa sukari huko huko jikoni. Niliomba isiyo na sukari. Dada wa kantini akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, imeshachanganywa kwenye chupa. Labda nikupe maji ya moto." Majani ya chai ya kutia kwenye hayo maji hakuwa nayo. Yai la kuchemsha hakuna, maharage mpaka mchana, na mboga ya majani huwekwa pembeni ya wali kijiko kimoja, kama pambo. Lakini friji la soda limejaa mpaka mlangoni.

Chupa moja ya soda ya kola, ya mililita 350, ina sukari ya gramu 35 au zaidi, karibu vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu kwenye chakula chake cha siku, na ingefaa zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Chupa moja tu imeshapita hapo. Sisemi soda ipigwe marufuku hospitalini. Mgonjwa akishukiwa na sukari, soda hiyo hiyo ndiyo itakayomwinua. Ninachouliza ni kwa nini ipatikane yenyewe kwa urahisi kuliko chai isiyo na sukari.

Tukitoka kantini tunaingia kwa daktari na majibu ya HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu. Wengi wetu tunatakiwa tuwe chini ya asilimia 7. Ukiwa juu, maneno ni yale yale: unajiendekeza, huna nidhamu, unakula hovyo. Wapo wanaokula hovyo, sikatai. Lakini miezi mitatu ni milo mingi, na milo hiyo hailiwi ndani ya chumba cha daktari.

Watafiti wa lishe siku hizi huwauliza wagonjwa wanauonaje mtaa wao: mboga na matunda yanapatikana karibu? Ni mazima? Bei inabebeka? Huuliza hivyo kwa sababu mtu hununua kwa kadiri anavyouona mtaa wake. Mimi sijaulizwa hata mara moja. Ningeulizwa, ningesema kwamba huku Mbagala mchicha na matembele tunayo, na bei si mbaya, ila ni asubuhi na jioni mapema. Anayeshuka daladala saa tatu usiku hukuta genge limeshafunikwa turubai, na taa zinazowaka ni za chipsi na mishkaki. Mtu huyo amesimama tangu asubuhi kwenye biashara ya watu, hajala vizuri, na nyumbani mkaa haujawashwa. Mwambie habari ya nidhamu.

Na dona? Tunaambiwa kliniki tuache sembe, tule dona. Maduka ya kwetu yamepanga sembe ya mifuko mpaka darini. Dona mpaka uagize, au ubebe mahindi yako mwenyewe mashineni. Mwenye duka ana sababu zake: unga wa dona haukai, kwa sababu kiini chenye mafuta hakijatolewa, na wateja wanaudharau, wanauona ni wa shule za bweni na magereza. Dona nayo si dawa, bonge kubwa litakupandisha tu. Lakini usinipe ushauri wa kitu ambacho nikikitafuta lazima nipande bodaboda.

Ya mtaani yana wenyewe na yatachukua muda. Afrika Kusini tangu Aprili 2018 wanatoza kodi vinywaji kwa kila gramu ya sukari inayozidi 4 katika mililita 100. Wabunge wetu wanaweza kulitazama hilo. Ya kantini hayahitaji Bunge wala mfadhili. Mwenye kantini ni mpangaji, na masharti ya upangaji yanaandikwa na hospitali.

Kwa hiyo nawaomba waganga wafawidhi wa hospitali zote zenye kliniki ya kisukari, kabla ya kusaini mkataba mwingine, waandike humo mambo haya: chai itoke bila sukari na sukari ikae mezani, asubuhi yawepo mayai ya kuchemsha na maharage, dona na mboga za majani viuzwe kila siku kwa bei ya wali, na maji ya kunywa yasiuzwe ghali kuliko soda. Siku ya kliniki wateja hawatakosekana. Sisi wenyewe tunatosha.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam