Mtungi ni Upi?

Katika darasa moja la Gredi ya Tatu kule Dandora, Nairobi, tableti ilimwambia mtoto aguse picha ya mtungi. Akagusa dumu la plastiki la manjano, lile la lita 20 analolibeba kila maji yakikatika mtaani. Tableti ikalia: kosa. Mtungi iliokuwa ikiutaka ulikuwa wa udongo. Kuanzia Umoja hadi Kayole mtungi ni hilo dumu. Anayebisha na aende akaulize pale mferejini. Hata hivyo, kipindi kilipokwisha programu ilikuwa imeshamweka mtoto huyo kwenye kundi la wasiojua msamiati.

Aliyeitunga programu hiyo hamjui mtoto wa Dandora. Mwalimu anamjua. Lau angelifungua zoezi hilo usiku uliotangulia, mitungi hiyo miwili ndiyo ingekuwa somo lenyewe, tena somo tamu.

Tangu serikali iahidi kompyuta za watoto mwaka 2013, na vifaa kuanza kufika katika shule za msingi za umma mwaka 2016, mjadala wetu umekuwa wa kuhesabu: vimefika vingapi, vimeibwa vingapi, stima ipo au haipo. Andalio la somo hatuligusi. Wakati huohuo, programu iliyoingia mitaa hii ya Eastlands bila sherehe ni WhatsApp. Maazimio ya kazi na maandalio huuzwa humo. Unalipa kwa M-Pesa, unabadilisha jina la shule, unachapisha kwenye saiba. Siwalaumu wanunuzi. Mwenye watoto sitini darasani na tathmini ya utendakazi wa walimu (TPAD) ya kujaza hutafuta pa kupumulia. Lakini tazama andalio hilo la kununua kwenye mstari wa nyenzo: "vifaa vya kidijitali." Basi.

Vifaa vingapi? Kipindi cha Gredi ya Tatu ni dakika 30. Ukiwa na tableti ishirini kwa watoto sitini, kuzigawa na kuziwasha kumekula dakika kumi, na katika kila kikundi cha watatu mmoja anabofya, wa pili anamwelekeza, wa tatu anachungulia dirishani. Huyo wa tatu ndiye aliyehitaji zoezi.

Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, tulikumbushwa kwa njia nyingine kwamba kifaa kuwapo si sawa na mtoto kukifikia. Masomo yalikuwa kwenye simu, na simu ilikwenda sokoni Gikomba na mama alfajiri, ikarudi usiku. Ndiyo maana nayaheshimu maswali ya Eneza Education kwa ujumbe mfupi kuliko video nyingi za kupendeza: yalitungwa kwa ajili ya simu ya kabambe, ile ndogo ya vitufe ambayo familia inayo kweli.

Kuna safu moja mwishoni mwa andalio, ya tafakari, ambayo wengi wetu huijaza kabla ya somo kufundishwa. Mimi pia nilifanya hivyo miaka mingi. Ningependa kazi ya kuchagua programu ianzie hapo: nani alikwama jana, kwa lugha gani, kwenye neno lipi, kisha ndipo tuulize kama tableti itamfaa au chaki inatosha.

Toleo hili lina maandalio ya walimu wa mitaa hii, safu hiyo ikiwa kama walivyoijaza wenyewe. Mmoja ameandika, "Stima ilipotea saa tatu." Mwingine alianza na "Somo lilifaulu", akalikata kwa kalamu nyekundu, na chini yake akaandika: "Wanane hawakugusa tableti. Kesho waanze wao."