Wahami wasiuziwe kompyuta mpya kwa sababu ya faili moja

Bunia, Ituri. Katika sentre moja ya vijana, karibu na kambi ya wahami, kompyuta nne za msaada zimewekwa pembeni na kufunikwa na kitenge. Zinawaka vizuri. Kibodi zinaandika, skrini ni safi. Jambo moja tu linakosekana: hazioni rezo ya wifi. Fundi aliyeitwa kutoka mjini alizitazama dakika chache, akasema zimekufa, kwamba Linux ndiyo imeziua, na kwamba sentre inunue zingine. Kisha akaomba pesa ya moto.

Wanaopata hasara ni walewale. Mwanafunzi aliyekimbia kijiji bila hata daftari anataka kuona matokeo ya exetat. Mama anatafuta habari za ndugu aliyebaki upande mwingine. Wote wanaenda kulipa saibati mjini, kwa pesa iliyopaswa kununua unga. Na mashine nne zinalala chini ya kitenge!

Hilo neno "zimekufa" ndilo la kupigania. Muuguzi hatangazi kifo bila kugusa mgonjwa. Mbona fundi atangaze kifo cha kompyuta bila kuandika hata amri moja kwenye terminali?

Uchunguzi wenyewe hauombi diploma kubwa. Kwanza, kuangalia kama wifi haikufungwa tu. Kompyuta nyingi za kubeba zina kitufe chake, na mtoto anaweza kukigusa bila kujua. Amri rfkill list inasema ukweli. Ikionyesha "Soft blocked: yes", wifi imefungwa na programu, na sudo rfkill unblock wifi inaifungua. Ikionyesha "Hard blocked: yes", mtu atafute kitufe kwenye mashine yenyewe.

Pili, kuuliza kama kompyuta inaiona kadi. Amri lspci -nnk inaonyesha jina la kadi, namba yake, na piloti inayoiongoza. Kwa kadi ya wifi ya kuchomeka kwenye USB, amri ni lsusb. Kadi ikionekana pale, basi haijafa! Kama kwenye lspci -nnk chini yake hakuna mstari wa "Kernel driver in use", kadi ipo lakini hakuna programu inayoiongoza.

Tatu, kusoma malalamiko ya kompyuta yenyewe: sudo dmesg | grep -i firmware. Hapo ndipo mara nyingi siri inatoka, kwa maneno kama "failed to load". Maana yake ni kwamba kadi inangoja faili ndogo inayoitwa famwea, na faili hiyo haimo ndani ya mashine. Kadi nyingi za Intel, za Realtek na za Broadcom zinahitaji faili za namna hiyo.

Sasa uchungu wenyewe uko hapa. Faili hiyo inapatikana kwa intaneti, na intaneti ndiyo inayokosekana. Ni kama kumwambia mtu kwamba ufunguo wa nyumba umefungiwa ndani ya nyumba. Lakini mlango wa nyuma upo. Simu ya Android ikiunganishwa na kompyuta kwa kamba ya USB inaweza kuigawia rezo yake, na Linux kwa kawaida inaitambua bila kuongeza kitu. Data inayohitajika si nyingi. Kwenye Debian, kadi ya Intel inaomba paketi firmware-iwlwifi, ya Realtek firmware-realtek. Hizo zinaweza hata kubebwa kwenye kle ya USB kutoka mjini. Lakini kwa kadi za zamani za Broadcom, paketi firmware-b43-installer inakwenda yenyewe kuchukua faili kwenye intaneti wakati inapowekwa. Kwa hiyo kuibeba kwenye kle peke yake hakutoshi. Kamba ya simu inahitajika.

Wapo wanaosema dawa ni kufuta Linux na kuweka Windows ya kunakili. Dawa gani hiyo? Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Kwa mashine hizo, Linux ndiyo pumzi iliyobaki.

Lawama pia iende kwa wanaotoa msaada. Kupiga picha na maboksi ni rahisi. Kuwasha kila mashine na kujaribu wifi kabla ya kuipakia kwenye gari ni kazi ya saa chache. Tena sababu ya kutofanya hivyo imepungua: Debian ilipiga kura mwaka 2022 kukubali famwea ndani ya diski yake rasmi, na tangu Debian 12 ya Juni 2023, faili nyingi za namna hiyo zinakuja pamoja na diski. Anayeleta mashine zenye mfumo wa zamani bila kujaribu anawaletea wahami mzigo, si zawadi.

Ni kweli, kuna kadi zinazoharibika kabisa. Kama kadi haionekani kwa lspci wala lsusb, hata baada ya kufunguliwa na kuchomekwa tena, basi inunuliwe kadi, au kadi ndogo ya wifi ya USB. Lakini kadi si kompyuta nzima.

Kwa hiyo viongozi wa sentre na kamati za wahami wasilipe fundi yeyote kabla hajaonyesha kwenye skrini majibu ya amri hizo tatu. Asiyeweza kuonyesha ugonjwa asiuze jeneza.