Kingwana: ni tusi ao ni jina letu?

Vijana wa Kasongo na Kabambare, tuulizane kitu kimoja. Unafika Bukavu ao Lubumbashi, unafungua kinywa, mutu anacheka: «Ile haiko Kiswahili, ni Kingwana tu.» Na wewe unanyamaza. Juu ya nini?

Kingwana ni luga ya Wangwana. Kule pwani mwungwana ni mutu huru, asiye mtumwa, mwenye adabu zake. Neno lilipanda bara pamoja na misafara ya pembe za ndovu. Wapagazi kutoka Unguja walijiita hivyo, na wengi kati yao walikuwa watumwa wa watu! Mbali na bwana, mutu anajipa cheo mwenyewe.

Miaka ya 1870 Tippu Tip akafika, Kasongo ikakuwa mji mkubwa wa Wangwana. Wazee wetu wengi walichukua kanzu, mchele, dini na luga. Lakini tusidanganyane: ili huyu aitwe huru, yule alifungwa mnyororo, na wengi waliofungwa walikuwa watoto wa hapahapa Maniema. Kuko familia zenye kubeba pande zote mbili ndani ya nyumba moja, na haisemwi.

Mwezi wa 4 mwaka 1893 jeshi la Wabelgiji likakamata Kasongo. Katika karatasi zao Wangwana wakakuwa «arabisés», sawa vile wangekuwa wageni kwao. Luga nayo ikagawiwa: ya pwani ikaitwa Kiswahili bora, yetu ikabaki Kingwana, ya kupokelea amri. Jina la mutu huru likageuzwa dharau, na kicheko cha leo kinatoka pale.

Hata kwetu neno halitulii. Sema «mungwana» sokoni: huyu anasikia Muislamu, yule anasikia mutu mwenye heshima.

Katiba ya 2006, kifungu cha 1, inaweka Kiswahili kati ya luga nne za taifa na kuagiza Serikali iziendeleze bila ubaguzi. Lakini karatasi ya kodi inakuja kwa Kifaransa, na mama mwenye kuuza mihogo anatia kidole bila kujua amekubali nini.

Kwa hiyo tunadai kwa wakubwa wa teritwari zote mbili: kila tangazo la kodi na la mashamba libandikwe pia kwa Kiswahili kile tunasema hapa. Na katika mikutano yetu sisi wenyewe, mwenye kusema Kingwana asikatwe neno, asichekwe.